Ndege Wageni na Vipepeo wa Maji ya Thika na Ruiru

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Katika darsa zetu za tafakuri tumekwisha kusoma khabari za mvua na khabari za bahari. Leo twaingia katika mlango wa ndege na wadudu wenye mbawa, na mahali tulipopachagua ni vinamasi na mabwawa yaliyoko Thika na Ruiru, huko bara, katika mwisho wa msimu wa kusi. Huenda msomaji akauliza: Je, Muislamu ana faida gani kutazama ndege wa vinamasi vya watu wa bara, ilhali wengi wetu hata sharti za udhu hatujazijua sawasawa? Swali hili lina haki ya kujibiwa, na udhu wenyewe tutaufikia kabla ya somo kwisha.

Jawabu la kwanza ni kwamba Qur'ani yenyewe ndiyo iliyotuamrisha kutazama. Katika Suratul-Mulk na Suratun-Nahl tumeelekezwa tuwaangalie ndege juu yetu wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na tukaambiwa ni nani awazuiaye wasianguke. Katika Suratun-Nur tumejulishwa kwamba ndege nao wana sala yao na tasbihi yao. Na katika Suratul-An'am tumejulishwa kuwa wao ni umma mbali mbali kama tulivyo sisi. Mtu asomaye aya hizi kila Ramadhani, wala hajapata hata siku moja kuinua kichwa kumtazama mbayuwayu, amesoma kwa ulimi tu.

Jawabu la pili ni kwamba wanazuoni wetu wa zamani hawakuiona elimu hii kuwa ya upuuzi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alitunga kitabu kikubwa cha wanyama. Na Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, naye ni mwanachuoni wa fikihi wa madhehebu yetu ya Shafi, alipanga majina ya wanyama kwa herufi, na kwa kila mnyama akaeleza umbo lake, tabia yake, na hukumu ya kuliwa kwake. Elimu hii ilikuwa yetu. Sisi tuliiweka juu ya rafu, wenzetu wakachukua darubini wakaingia matopeni, na leo tukitaka kujua ndege gani yuko katika mto wetu wenyewe yatubidi tuwaulize wao. Hapo hapana wa kulaumiwa ila sisi.

Na jawabu la tatu ni la maji. Mtu wa Pwani asidhani kwamba Thika na Ruiru ni mbali naye. Mji wa Thika uko kiasi cha kilomita 40 na kitu kutoka Nairobi, upande wa kaskazini mashariki, nao umekaa pale ikutanapo mito ya Chania na Thika, kila mmoja na maporomoko yake. Maji hayo huenda yakaingia mto Tana, na Tana huteremka hata ikafika Kipini na Ghuba ya Ungwana. Ama maji ya Ruiru, hayo hatimaye huingia mto Athi. Na Athi, baada ya kuruka maporomoko kumi na manne karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk, hubadilisha jina ikaitwa Galana, kisha Sabaki, ikamimina baharini kaskazini ya Malindi. Watu wa Malindi huiona bahari yao ikigeuka rangi ya udongo mvua zinyeshapo bara. Na visima vya Baricho, vilivyochimbwa kando ya Sabaki, ndivyo viwapavyo Malindi na Mombasa sehemu kubwa ya maji yao. Kwa hivyo, ewe ndugu yangu unayefungua bomba Mombasa ukatawadha, jua ya kwamba yatendwayo katika mito ya Ruiru yana njia ya kukufikia nyumbani.

Sasa tuje kwenye majira. Wazungu huita miezi ya Agosti na Septemba mwisho wa kiangazi chao. Kwetu sisi ni demani, kusi imechoka na kaskazi haijaanza. Huko Thika na Ruiru ndio mwisho wa baridi na mawingu ya Juni na Julai, ardhi imekauka, nayo mvua ya vuli haijateremka. Miezi yetu ya ibada huenda kwa mwezi na huzunguka mwaka mzima, lakini ndege huenda kwa jua. Ndiyo sababu wazee wetu wa Pwani, mbali na kalenda ya Hijria, walihesabu siku kwa makumi tangu Nairuzi, wapate kujua wakati wa kulima na wakati wa kusafiri. Hesabu ile ni elimu safi, na ni masikitiko kwamba vijana wameiacha. Ama yale mambo mengine yaliyotiwa ndani ya siku ya mwaka, hayo ni mlango mwingine, nasi tumekwisha kuyasema.

Katika nchi ya Ruiru, Juja na Thika kuna maji ya namna nyingi. Kuna mito yenyewe na mafunjo yake. Kuna mabwawa madogo yaliyochimbwa ndani ya mashamba ya kahawa, na nchi ile ni ya kahawa hata aina moja ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11. Na upande wa kusini mashariki, huko Ruai, kuna mabwawa makubwa ya kusafishia maji machafu ya jiji la Nairobi, yajulikanayo kwa wachunguzi wa ndege kama mabwawa ya Dandora. Msishangae: mahali hapo, pamoja na asili yake, pameandikwa miongoni mwa mahali muhimu kwa ndege katika Kenya nzima.

Wenyeji wa maji hayo hawaendi safari. Utamwona kibisi akizama na kuzuka, na bata mwitu, na kulastara amesimama kama mlinzi, na mdiria akijitupa majini kwa ajili ya samaki. Yuko ndege mmoja wa rangi ya hudhurungi, mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi wala asizame. Kwa ndege huyu dume ndiye alaliaye mayai, na vifaranga wakiogopa huwabeba chini ya mbawa zake, ilhali jike huenda akatafuta dume mwingine. Nimelitaja hili kwa kuwa ni ajabu katika maumbile, mtu asije akalifanya hoja katika milango ya ndoa.

Lakini waliotuleta hapa ni wageni. Kuanzia Agosti, kingoni mwa mabwawa hayo huonekana vitwitwi wa namna mbali mbali, wadogo, wenye miguu myembamba, wakichokoachokoa matope kwa midomo yao na kutikisa mikia. Mmoja wao ni mdogo kabisa, uzito wake haufiki gramu 40. Huyo amezaliwa pembezoni mwa bahari ya barafu, kaskazini ya Urusi na nchi jirani zake, mahali ambapo wakati wa kiangazi jua halitui. Katika Septemba huanza kupita mbayuwayu, ambao wameacha viota vyao katika mabanda ya ng'ombe ya Ulaya na Asia. Baadaye kidogo huja ndege wa kifua cha manjano watikisao mikia, wakawafuata ng'ombe malishoni wakila wadudu wanaoruka. Na ndege hao hao, au ndugu zao, utawaona pia Mida na mlangoni mwa Sabaki. Huko Mida huja na ndege mkubwa mweupe na mweusi alaye kaa, aliyeanguliwa ndani ya shimo la mchanga katika pwani za Bara Arabu na Ghuba. Yaani sisi tuna jamaa zetu Oman, na ndege wetu vile vile.

Watu wa zamani walikuwa hawajui mbayuwayu wanakwenda wapi. Palikuwa na wataalamu Ulaya waliosadiki kwamba hujificha chini ya matope ya maziwa mpaka baridi ipite. Kisha mwaka 1822 katika nchi ya Ujerumani alipigwa korongo mweupe, akaonekana ana mkuki umepita shingoni mwake, nao ulikuwa mkuki wa Afrika. Alichomwa huku, akaruka na jeraha lake hata akafika kwao. Korongo yule amehifadhiwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Rostock. Mkuki mmoja ulikata maneno ya karne nyingi.

Nasi katika nchi yetu tunapo mahali pa ushahidi. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, si mbali na njia ya Mombasa na Nairobi, tangu mwaka 1969 wataalamu hukusanyika kila mwisho wa mwaka kuwanasa ndege wasafiri kwa nyavu laini, wakawatia pete nyepesi yenye namba mguuni, na kuwaachilia. Hufanya kazi hiyo katika usiku wa giza na ukungu, mwezi usipokuwapo, kwa kuwa ndege hao wengi husafiri usiku, na ukungu huwashusha kwenye taa. Pete hizo zimepata kuokotwa Bara Arabu na Urusi. Wachunguzi wamethibitisha kwamba ndege hujua njia kwa jua, na kwa nyota, na kwa nguvu ya sumaku ya ardhi. Nahodha wa jahazi alihitaji dira na miaka ya kufunzwa. Kifaranga aliyeanguliwa mwezi wa Juni huondoka mwezi wa Agosti, wengine pasipo hata wazazi wao, akaja moja kwa moja mahali asipopata kupaona.

Na kaskazi ianzapo kuvuma, huja wengine wa ajabu zaidi. Yuko kozi mdogo azaliwaye Siberia na kaskazini ya Uchina, ambaye hukusanyika India kisha akaikata Bahari ya Hindi kwa mbawa zake kuja Afrika Mashariki. Na pamoja na pepo hizo huja kereng'ende, wadudu wa majini wasiofika urefu wa kidole, ambao wameonekana wakipita visiwa vya Maldives kwa maelfu kuelekea huku, nao hutaga mayai katika madimbwi ya mvua ya vuli. Babu zetu walijivunia kwamba walijua kuupanda upepo wa msimu. Kumbe mdudu aliujua kabla yao.

Hapa pana hadithi ijulikanayo na wengi, aliyoipokea Umar bin al-Khattab (R.A.) na kutolewa na Tirmidhi, kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu kwa haki ya kumtegemea, angeturuzuku kama awaruzukuvyo ndege, watokao asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba. Wavivu wameigeuza hadithi hii kuwa mto wa kulalia. Hawakuona kwamba ndege aliyetajwa hapo ni ndege aliyetoka. Kitwitwi wa Ruiru ametoka kaskazini ya dunia, akapita jangwa na bahari kutafuta riziki yake. Yeye ndiye wa kuulizwa maana ya tawakkul, si yule akaaye barazani toka alfajiri mpaka adhuhuri akingoja kufunguliwa milango ya kheri.

Sasa nataka tusimame mahali ambapo ndege wametuharibia dini, au tuseme kweli, sisi tumeiharibu dini yetu kwa ndege. Waarabu wa Jahilia walikuwa mtu akitaka safari humwinua ndege. Akiruka kuliani, huenda. Akiruka kushotoni, hurejea nyumbani. Jambo hilo likaitwa tiyara, nalo ni neno lililotokana na jina la ndege kwa Kiarabu. Walisema pia kwamba mtu akiuawa, hutoka katika mifupa yake bundi alie mpaka kisasi kilipwe. Mtume (S.A.W.) akayafuta yote mawili kwa maneno ya wazi, yaliyomo katika Bukhari na Muslim, na katika riwaya ya Ibn Mas'ud aliyoitoa Abu Daud tiyara imehesabiwa kuwa ni shirki.

Je, sisi tumeifuta? Bundi akilia juu ya paa la nyumba, khaswa ikiwa ndani mna mgonjwa, utaona nyuso zimegeuka. Huyu atamtupia mawe, na yule, mwenye kusali sala tano, atapeleka pesa kwa mpiga ramli aambiwe ni nani alengwaye. Na mgonjwa akifa, husema: "Mliona?" Akipona, bundi husahauliwa. Hivi ndivyo uwongo unavyoishi, kwa kuhesabu mara moja uliposadifu na kuacha mara mia ulipokosa.

Nami nasema, tumwangalie bundi mwenyewe. Bundi huja penye nyumba za watu kwa sababu moja, nayo ni panya. Humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa, na mwenye kutaka ushahidi aende chini ya mti alalao bundi, akusanye madonge hayo, ayavunje kwa kijiti. Atapata mafuvu ya panya na meno yao. Hatapata jina la mtu. Ikiwa bundi anakuja juu ya paa lako kila usiku, dalili iliyomo humo ni kwamba ghala lako lina panya, na hiyo ndiyo khabari yenye kukufaa.

Vile vile yuko ndege wa mito ya Thika aitwaye fundichuma, wa rangi ya udongo, ambaye kichwa chake na kishungi chake vina umbo la nyundo. Kiota chake ni kikubwa cha ajabu, hujengwa kwa vijiti na matope juu ya mti, na paa lake laweza kubeba mtu. Akikiacha, huingia wengine, kama bundi na bata na hata nyoka. Makabila mengi ya Afrika humwogopa, hawathubutu kugusa kiota chake. Kutomdhuru ni jema, lakini lililo jema likifanywa kwa kuogopa asiyekuwa Mungu hugeuka sura. Tumwache kwa sababu Mtume (S.A.W.) alifundisha huruma kwa ndege, kama alivyopokea Abdallah bin Mas'ud: walipokuwa safarini watu wakachukua vifaranga wawili, mama yao akaja akipigapiga mbawa, naye akaamrisha mtoto wa ndege arudishwe kwa mama yake. Na hudihudi, aliyemletea Nabii Suleiman khabari za Sabaa, amekatazwa kuuliwa kwa hadithi ya Ibn Abbas. Huyu naye huonekana huko bara, na kishungi chake kama kipepeo cha kupepea makaa.

Mtu atasema: "Moyo wangu hushtuka tu, sipendi." Mshtuko uingiao moyoni pasipo kutaka si dhambi, maadamu hukuufuata. Usivunje safari, usivunje posa, usifunge duka. Mtegemee Mwenyezi Mungu upite.

Na wengine husema kwamba kipepeo akiingia nyumbani, mgeni anakuja. Hili niliulizwa na mama mmoja, je, ni tiyara au ni fali njema ambayo Mtume (S.A.W.) aliipenda? Fali njema ni neno zuri ulisikialo likakufurahisha, halina ndani yake madai ya kujua ghaibu. Basi akiitakidi kwamba kipepeo anajua ajaye, amekosea. Ama ikiwa kipepeo amemkumbusha kufagia nyumba na kuongeza kibaba cha mchele, kufagia nyumba hakukuharamishwa.

Vipepeo wenyewe katika msimu huu ni darasa kamili. Simama penye tope lenye unyevu kando ya mto wakati wa jua, utawaona wamekusanyika kwa makumi, weupe na wa manjano, wamekunja mbawa. Hawanywi maji tu. Hao wengi ni madume, nao wanafyonza chumvi iliyomo topeni, kwa kuwa katika maua hawaipati ya kutosha. Miaka mingine vipepeo weupe hupita kwa maelfu, siku baada ya siku, wote wakielekea upande mmoja. Na yuko kipepeo wa rangi ya chungwa na madoa meusi na meupe ambaye uchunguzi wa miaka ya karibuni umebainisha kwamba kizazi chake huondoka Ulaya mwisho wa kiangazi kikavuka Sahara kuja Afrika, jambo ambalo hapo kwanza hapana aliyelisadiki kwa kiumbe chepesi kama kile.

Yuko mwingine wa rangi hiyo hiyo ya chungwa, mwenye ncha nyeusi, arukaye polepole kama asiyeogopa kitu. Kweli haogopi. Alipokuwa kiwavi alikula mmea wenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu ile imebaki mwilini mwake. Ndege akimla mara moja hutapika, na hamgusi tena. Sasa tazama: yuko kipepeo wa jamaa nyingine kabisa, asiye na sumu yoyote, ambaye dume lake ni jeusi lenye madoa meupe, lakini jike lake limevaa mavazi ya yule mwenye sumu, rangi kwa rangi, ncha kwa ncha, hata ndege akadanganyika. Nani aliyempimia nguo? Yeye mwenyewe hajapata kujitazama katika kioo.

Na msomaji asiyeweza kwenda Thika aende kwenye mdimu wake. Kiwavi mdogo anayekaa juu ya jani akafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ambaye akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, huyo ndiye atakayekuwa kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Kula majani machache ya mdimu si kosa la kumfanya auawe. Huko Gede, karibu na magofu na msitu wa Arabuko Sokoke, tangu mwaka 1993 wanakijiji wamekuwa wakifuga vipepeo, wakauza vifukofuko vyao nchi za nje, wakapata riziki ya halali na msitu ukabaki na sababu ya kutokatwa.

Ama vinamasi vya Thika na Ruiru, hali yake si njema. Tangu ilipofunguliwa barabara kuu ya Thika mwaka 2012 miji ile imepanuka kwa haraka, mashamba ya kahawa yamekatwa viwanja, na mahali pa maji pamejazwa kifusi. Korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, ambaye Waganda wamemfanya ndege wa taifa lao, hawezi kujenga kiota ila ndani ya majani ya kinamasi. Mwaka 2012 aliandikwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu vinamasi vimekaushwa na vifaranga wake hukamatwa wakauzwa. Na mito hupokea taka za viwanda na za majumba. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na katika hadithi ya Mu'adh aliyoitoa Abu Daud akatuonya na kwenda haja penye vyanzo vya maji, na njiani, na kivulini, akapaita kuwa ni mahali pa kuleta laana. Ikiwa haja ya mtu mmoja ina uzito huo, mfereji wa kiwanda una uzito gani? Wengi wetu tuna watoto wanaosoma Juja na Thika, na jamaa wenye biashara huko. Wasione haya kusema na kuandika kwa wenye mamlaka. Na kila Januari, tangu mwaka 1991, Makumbusho ya Taifa pamoja na chama cha Nature Kenya, ambacho asili yake ni ya mwaka 1909, huhesabu ndege wa majini nchini, na watu wa kujitolea hukaribishwa. Ningependa kuona kofia zetu na buibui zetu huko.

Zimebaki masala mbili za fikihi.

Ya kwanza ni ya maji. Mtu yuko kando ya bwawa la shamba, limejaa bata na vinyesi vyao, na wakati wa adhuhuri umeingia. Je, atawadhe? Katika madhehebu yetu kinyesi cha ndege ni najisi, lakini maji yakifika kullatayni, nayo ni kiasi cha lita 200 na zaidi kidogo, hayanajisiki mpaka yageuke rangi, au tamu, au harufu kwa hiyo najisi. Bwawa ni zaidi ya hapo mara maelfu, basi kama halikugeuka atawadhe. Ama maji ya Ruai, yale yaingiayo katika bwawa la kwanza ni najisi bila ya shaka, kwa kuwa yamegeuka. Hukaa, hupita toka bwawa hata bwawa, jua na vijidudu vikiyafanyia kazi. Yakifika mwisho na mageuko yote yameondoka, hukumu ya najisi imeondoka pamoja nayo. Na mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakubwa wa Saudia lilipitisha kwamba maji machafu yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika tamu, rangi wala harufu, ni tahiri. Lakini yakibaki na harufu hata kidogo, asitawadhe kwayo. Wala twahara si ruhusa ya kunywa, kwa kuwa maradhi hayaonekani kwa macho.

Ya pili ni ya nyama. Bata mwitu kwa asili yake ni halali akichinjwa. Lakini kwanza mtu atazame sheria ya nchi, kwani kuwinda pasipo ruhusa kumekatazwa, na kuvunja amri iliyowekwa kwa maslaha ya wote hakufai. Pili, ajihadhari na ndege wauzwao vichochoroni bila ya kujulikana walivyokufa. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, imethibiti kwamba watu hutega sumu ya kuulia wadudu wa mashamba, wakakusanya makorongo na ndege wengineo waliokufa, wakauza nyama. Hao ni mizoga, haramu kuliwa, na sumu imo ndani yao. Tatu, ndege wa maji machafu, akiwa chakula chake ni najisi hata nyama yake ikageuka harufu, huitwa jallala, na kula nyama yake ni makuruhu mpaka afungiwe alishwe chakula safi na harufu iondoke. Kuku, imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia siku 3. Bata aliyetoka Ruai hapana aliyemfungia, basi bora aachwe majini.

Wallahu aalam. Somo lijalo, inshallah, litakuwa khabari za nyuki.